Siku Jengo la Saba Lilipotaka Kupanda

1

Kabati la vyombo lilikuwa zito kuliko nilivyolikumbuka. Nilisukuma kwa bega, likagoma. Nikatoa sahani, nikatoa masufuria, nikatoa na yale mabakuli ya udongo ambayo mke wangu Damari alikuwa hataki mtu ayaguse, nikasukuma tena, likaenda. Nje ngoma zilikuwa zinalia tangu alfajiri, na spika ya uwanjani inarudia ileile: "Wakazi wa Jengo la Saba, ondoeni kila kitu kilichoegemea ukuta. Ukuta unataka nafasi ya kuvimba. Saa sita kamili Saba anapanda."

Saba anapanda! Miaka minne mizima, tangu Damari afariki, sijawa na hamu ya jambo lolote linalotangazwa kwenye spika, lakini siku ile hata mimi moyo ulikuwa unadunda. Asubuhi ghorofa kumi na mbili, jioni kumi na tano. Hakuna winchi, hakuna zege, hakuna kibarua wa kudondoka kwenye jukwaa. Jengo linajiinua lenyewe mbele ya macho yako kama mtu anayeamka usingizini. Na katika ghorofa mpya, ile ya kumi na nne, chumba cha mkono wa kushoto ukitoka kwenye ngazi, kimeandikwa Foibe Chilewa. Mwanangu huyo. Miaka sita yuko kwenye hema kule korongoni, na sasa ana mtoto mgongoni, anasubiri wakubwa wapange, wapangue, halafu wapange tena.

Basi kabati likasogea, nikaona tundu.

Halikuwa kubwa. Upana wa kidole changu cha mwisho. Limezibwa kwa gunzi na juu yake nta ya mshumaa, na pembeni umening'inia mpira mwembamba wa dripu, umekatwa kwa kisu. Nikajua mara moja umetoka wapi. Mke wangu alikuwa mfagiaji wa zahanati.

Nikakunja ngumi nikagonga. Kabla magoti hayajanikataa nilikuwa saidia fundi, na ukuta mzima naujua sauti yake: unajibu mfupi, mkavu, kama mtu asiyetaka mazungumzo. Huu ulijibu puu. Nikagonga juu yake, puu. Nikapanda kiti nikagonga mpaka darini. Puu, puu, puu.

Kuta za Saba hazikujengwa, ziliumuka. Wahandisi wana jina lao refu la ule udongo, sisi tunauita chachu, kwa sababu ulikuja kwenye magunia, ukatiwa maji na chokaa, ukavimba ukapanda kama unga wa maandazi. Ndani yake mna mishipa ya maji. Mwaka wa kwanza wote lazima ukuta unywe bila kukosa siku, la sivyo unakauka nje na ndani unabaki hewa. Ndiyo maana kifungu cha kumi na tisa cha Sheria ya Makazi kikasema: mwaka wa kukomaa, ukuta kwanza, mtu baadaye. Na mwaka ule mvua haikunyesha mpaka Desemba. Ukuta ulikuwa unakunywa usiku na mchana, watu tukipewa ndoo mbili kwa wiki kwa kaya nzima. Ndoo mbili! Waliosaini hilo walikuwa wanaoga kwa mvua ya bomba.

Nyumbani kwangu maji hayakukatika hata siku moja.

"Nimepanga foleni kwenye boza la maji," Damari alikuwa ananiambia. Na mimi nikala mlenda wangu, nikanawa mikono, nikakaa kibarazani nikawatukana wakubwa nikiwa nimeshiba.

2

Nikashuka ngazi na kile kipande cha mpira mfukoni. Ghorofa ya sita sikutazama pembeni, sitazamagi. Pale ndipo Damari alipokatia roho nikimshusha kwa ngazi, kichwa chake kwenye mapaja yangu, lifti iko wazi na taa inawaka. Ilikuwa imetoka kukaguliwa, na kifungu kinataka sahihi tatu ndipo iwashwe tena. Mbili zilikuwepo. Ya tatu ilikuwa ya Injinia Kokushubira, msimamizi wa jengo, na Injinia alikuwa semina. Tangu siku ile kila mkutano wa wakazi nasimama, nasema, wananizomea, nakaa. Wananiita Mzee wa Lifti.

Uwanjani ilikuwa sherehe kamili. Kila ghorofa imeleta sufuria yake, majengo ya Sita na Nane watu wamejaa kwenye vibaraza wanachungulia, wazee wamewekewa viti mbele kabisa. Na juu, chini ya paa la Saba, ukuta umeshafura na kuwa mweusi kwa unyevu. Tangu alfajiri koki kuu ilikuwa imefunguliwa, na maji yote ya tangi yamepandishwa juu, yamekusanyika pale tunapoita tumbo. Kilichobaki ni ridhaa. Sheria inataka kila mkuu wa kaya aweke kiganja ukutani aseme anaridhia. Wote wakimaliza, Saba anajimwagia chokaa, anaumuka.

Foibe alikuwa nyuma ya kamba ya buluu na wenzake waliopangiwa ghorofa mpya, godoro limekunjwa, ndoo mbili, mtoto mgongoni amelala fofofo na ngoma zote zile.

"Baba! Umeliona tumbo? Tazama lilivyojaa!"

"Njoo pembeni kidogo."

"Pembeni wapi, baba, nikitoka hapa huyu mama atanikalia nafasi."

"Nenda tu, nakulindia," yule mama wa nyuma akasema. "Ila ukichelewa nakukalia kweli, nisikudanganye."

Nikamvuta mpaka kwenye kivuli cha tangi, nikatoa ule mpira. Uso wake ukabadilika kabla sijafungua mdomo.

"Umesogeza kabati," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa."

"Foibe!"

"Kila mtu mle ndani alijua, baba, isipokuwa wewe."

"Kwa nini mimi nisiambiwe? Mimi ndiye baba wa nyumba!"

"Kwa sababu wewe ukijua jambo, mpaka Jengo la Tatu wanajua."

Nikamwambia nimegonga, mpaka darini ni hewa tupu. Ukuta ule ukibebeshwa ghorofa tatu juu yake, utakaa siku ngapi? Akatikisa kichwa.

"Umesimama miaka kumi. Ni tundu moja, baba. Sheria yenyewe inaruhusu mishipa kumi katika mia ilale. Saba mwenyewe anajua ule umelala, hajawahi kulalamika."

"Hajui. Ule mshipa umekufa ganzi. Wewe mguu ukifa ganzi unajua kama umekatwa?"

"Na kifungu cha arobaini na moja unakijua?"

Nilikuwa nakijua, nani asiyekijua. Kimebandikwa kila mlango. Aliyetoboa ukuta wa umma kaya yake inapoteza nafasi, mzao wake anarudi mwisho wa orodha, na kosa lake linaingia ukutani. Kuingia ukutani maana yake Saba atalisoma kwa sauti, kwa jina, kila siku ya kupanda, kila miaka kumi, mpaka jengo lenyewe liishe. Wenyewe wanasema litadumu miaka mia tatu.

"Mwisho wa orodha, baba," Foibe akasema. Sauti yake ikawa ndogo. "Watu elfu tano mbele yangu. Huyu mtoto ataolea kwenye hema. Na mama je? Wewe mwenyewe husema wakubwa walimuua. Leo unataka kuwapa wamuue tena, wajukuu wa wajukuu wanasikiliza?"

Akarudi kwenye mstari wake. Nikabaki na mpira mkononi kama mganga aliyekosa mgonjwa.

Nikaamua kunyamaza. Niliamua kabisa.

3

Ridhaa ilikuwa inaanzia ghorofa ya kumi na mbili kushuka. Ukuta wa kiapo uko pale mlangoni, sehemu isiyopakwa rangi, imeng'ara kwa viganja. Injinia Kokushubira amesimama kando na kofia yake nyeupe na kishikwambi, anatabasamu kwa kila mtu. Mwanamke mrefu, mtaratibu. Mtu akimaliza kusema, Saba anajibu kwa ile sauti yake ya msomaji wa taarifa ya habari: "Ridhaa imepokelewa." Watu wanashangilia. Ngoma inapigwa mara moja, du! Anakuja mwingine.

"Ninaridhia!" Du!

"Ninaridhia, na liende mpaka mawinguni!" Du! du!

Mbele yangu alikuwa Mama Tegemea, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mwanamke wa maneno mengi. Akageuka akaniangalia.

"Mzee Chilewa, leo utusitiri. Usianze ya lifti, tafadhali. Watu tuna pilau kwenye moto."

"Nimenyamaza, Mama Tegemea."

"Hee! Basi leo kweli jengo litapanda." Watu wakacheka. Akaweka kiganja chake, akaridhia, akapiga kigelegele, akanipisha.

Nikaweka kiganja.

Ukuta ulikuwa wa baridi. Ndani yake maji yalikuwa yanapita yakidunda, na mimi nikasikia kitu ambacho hakuna darasa lililonifundisha. Upande wa kulia wa kiganja mdundo ulikuwa mzito, wa kushoto mwepesi. Mtu anayechechemea anakanyaga hivyo. Niliwahi kusikia hivyo mara moja, nikiwa kijana, kwenye ukuta wa tofali za kuchoma wa ghala. Nilimwambia fundi, akaniambia wewe beba zege. Saa tisa tulikuwa tunawachimbua watu.

Nikainua macho. Kwenye kibaraza cha chini cha Jengo la Nane, hatua ishirini kutoka pale, bibi mmoja kwenye kiti alikuwa anapiga makofi kufuata ngoma, anaukosa mdundo, anacheka peke yake.

"Chilewa, ghorofa ya tisa," Saba akasema. "Unaridhia?"

"Siridhii."

Ngoma ikakatika. Halafu uwanja mzima ukalipuka.

"Si nilisema! Mzee wa Lifti!"

"Mtoeni huyo!"

"Wewe mzee, tuna watoto kwenye mahema!"

Injinia akanisogelea, bado anatabasamu ila kwa meno tu. "Mzee wangu, leo si siku ya malalamiko. Lile la lifti liko kwenye faili."

"Sijataja lifti, Injinia."

"Pingamizi bila sababu ni batili," Saba akasema juu ya kelele zote. "Taja sababu."

Nikamtafuta Foibe kwa macho. Alikuwa ameshika kamba ya buluu kwa mikono miwili. Akatikisa kichwa, polepole, mara moja.

"Ukuta wangu umetobolewa," nikasema. "Ghorofa ya tisa. Jikoni kwangu. Mwaka wa kukomaa."

"Nani ametoboa?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu. Chilewa, mimi mwenyewe, niandikeni mimi. Lilikuwa tayari ulimini. Wakubwa wangenichukulia chumba, na Damari angelala kwa amani. Saba akauliza tena, akaongeza: "Anayetaja ataulizwa idadi ya mishipa na muda wa kuchota. Hesabu ya kushusha maji itafuata jibu lake."

Nikijitaja ningelazimika kubuni kipimo, na uongo huo ungekwenda kubeba maji yale yote juu ya vichwa vya watu.

"Mke wangu. Damari Yeremia. Marehemu."

Waliokuwa wananizomea wakaanza kunong'onezana.

"Mishipa mingapi? Kuanzia lini mpaka lini?"

"Sijui."

"Pingamizi lisilo na kipimo ni batili. Una sekunde sitini."

"Nimekwambia sijui! Mimi sikuambiwa! Mwenye kujua amekufa!"

"Hamsini."

Injinia akaanza kugonga kishikwambi chake, haraka haraka. "Mzee, labda ni mshipa tu umelala. Tutatuma mtu kesho akague, kupanda kuendelee..."

"Arobaini."

"Kesho utakagua kifusi!" nikapiga kelele. "Weka sikio hapa, wewe uliyesoma! Weka sikio!"

"Thelathini."

Nikasikia kamba ya buluu inapigwa na kitu, halafu miguu inakimbia. Foibe alipita chini ya ile kamba na mtoto mgongoni, akanipiga kikumbo, akabandika kiganja chake juu ya changu.

"Mshipa mmoja! Wa jikoni, wa pili kutoka dirishani. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka mvua za Desemba. Kila siku ya Mungu, ndoo mbili asubuhi, moja jioni." Alikuwa anahema. "Na uandike na jina langu. Foibe Chilewa. Mimi nilishika taa."

"Pingamizi limekubaliwa," Saba akasema. "Kupanda kumesitishwa. Nashusha maji."

Kule nyuma yule mama wa kwenye mstari alishasogeza ndoo zake mbele. Foibe hakumtazama, wala mimi hakunitazama.

4

Maji yalianza kushuka, na Saba akalia. Sina neno jingine. Mlio mrefu kutoka juu, kama mlango wa chuma unaofunguliwa na mtu asiye na nguvu. Vumbi likadondoka kutoka ghorofa ya tisa. Watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja, sufuria moja ya pilau ikapinduka.

"Mshipa mwingine haujibu," Saba akasema. "Ghorofa ya tisa, jikoni ya pili. Nikipitisha maji kwenye mshipa uliotobolewa, ukuta utalainika. Kuna aliyetoboa?"

Jikoni ya pili ghorofa ya tisa ni kwa Mama Tegemea.

Nikamgeukia. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu," akasema, "mimi nilidhani ni mimi na Mama Foibe tu! Alinionyesha, nikamwapia sitamwambia mtu!" Akakimbia ukutani, akapiga kiganja. "Mmoja! Mwezi wa nne mpaka Desemba! Ndoo moja tu, naapa, sikuwa na tamaa!"

"Ghorofa ya tisa, jikoni ya tatu. Haujibu."

"Aa, na wewe Baba Nuhu?" Mama Tegemea akauliza.

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu!" Baba Nuhu alikuwa ameshafika. "Mke wangu aliuona mpira kwa Mama Tegemea, akadhani ni wa kupikia pombe, akauliza, akaambiwa ukweli."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Kila mmoja alitoboa tundu lake moja, akaliziba, akaweka kabati, akajiambia: ni tundu moja, jengo kubwa. Miaka kumi tunasalimiana kwenye ngazi, kila mtu na siri yake nyuma ya vyombo. Mishipa kumi katika mia, ndiyo, sheria inaruhusu. Lakini hakuna aliyejumlisha.

"Ghorofa ya nane, jikoni ya kwanza. Ghorofa ya nane, jikoni ya nne. Ghorofa ya saba..."

Sasa watu walikuwa wanakimbilia ukuta, si kuukimbia. Wamepanga viganja kama wanaogombea maji ya boza siku zile. Kila anayesema, ule mlio wa juu unapungua kidogo, Saba anajua pa kupita na pa kukwepa, na mimi damu ilikuwa inanichemka kwa furaha, naapa, furaha, mzee mzima napiga kelele kama niko kwenye mpira.

"Ghorofa ya tano! Nani wa tano?"

"Huyu hapa! Bwana, sema, usinichelewesheee!"

"Mwezi wa sita! Hapana, wa tano! Mke wangu, ilikuwa wa tano?"

"Wa tano, mjinga wewe, nilikuwa na mimba ya Rehani!"

"Wa tano!"

Kuna kaya mbili tu za Saba ambazo hazikutoboa, na zote mbili zilihamia mwaka wa tatu. Walisimama pembeni wanatuangalia kama wageni waliokuta ugomvi wa ndoa.

Tumbo la juu lilikuwa limebaki robo. Na hapo Saba akasimama.

"Nguzo ya mashariki, ghorofa ya chini. Mshipa mkuu haujibu. Maji yote yaliyobaki yanaelekea hapa. Nani ametoboa?"

Tukatazamana. Ghorofa ya chini, mashariki, hakuna kaya. Nguzo ile ikaanza kutoa jasho mbele ya macho yetu, matone manene yanateremka, na chini yake udongo unageuka rangi kama biskuti iliyochovywa.

"Dakika mbili," Saba akasema. "Nani ametoboa?"

"Lakini pale," Mama Tegemea akasema taratibu, "si ofisini?"

Macho yote yakahamia kwenye kofia nyeupe.

Injinia Kokushubira alikuwa amesimama na kishikwambi kifuani kama mtoto aliyekumbatia daftari. Sheria haimlazimishi ofisa kuweka kiganja, hilo nalijua vizuri. Walioiandika ni maofisa.

"Injinia," nikamwambia. "Kiwango chako cha elimu mimi sina. Lakini ile nguzo inalia, na yule bibi wa Jengo la Nane hawezi kukimbia. Njoo."

Akaja. Akavua kofia kwanza, sijui kwa nini. Akaweka kiganja, na kidole chake kimoja kikagusa changu.

"Mishipa mitatu," akasema. "Kuanzia mwezi wa pili. Mimi nilikuwa karani mpya. Mkuu alinituma nitoboe, nikatoboa. Hatukuziba vizuri. Tulichota mpaka mwaka uliofuata." Akatazama kofia yake. "Tulikuwa tunachemshia chai."

Saba akapitisha maji upande wa magharibi. Nguzo ikaacha kutoa jasho. Dakika kumi baadaye tangi lilikuwa limejaa, ukuta wa juu umerudi rangi yake, na Jengo la Saba likasimama kimya, ghorofa zake zilezile kumi na mbili.

5

"Jengo hili halifai kukaliwa mpaka limalize mwaka wa pili wa kukomaa," Saba akasema. "Makosa yaliyoingia ukutani leo yanasomwa kwa mara ya kwanza, kwa mpangilio wa kutajwa."

Nikajikaza. Nikashika ukuta.

"La kwanza. Damari Yeremia, ghorofa ya tisa. Alitoboa mshipa mmoja, akachota maji ndoo tatu kwa siku. Foibe Chilewa alimshikia taa."

Nilikuwa nangoja aibu inishukie. Kilichokuja ni kigelegele. Mmoja kwanza, sijui wa nani, halafu wanawake wote wa ghorofa ya tisa, halafu wa nane, wa saba, wakapiga mpaka Saba akalazimika kungoja wamalize. Mwanamke mmoja nisiyemjua hata jina alipiga kelele, "Alininyweshea mwanangu, huyo!" Kumbe hata zile ndoo tatu hazikuwa zetu peke yetu.

Saba akaendelea, jina baada ya jina, mpaka la mwisho.

"Ofisi ya Usimamizi, Mamlaka ya Makazi. Karani Kokushubira, kwa agizo la mkuu wake. Mishipa mitatu. Matumizi: chai."

"Ya maziwa au ya rangi?" mtu akauliza kutoka nyuma. Uwanja ukaangua kicheko. Injinia hakucheka, wala hakuondoka. Alibaki pale na kofia mkononi. Hilo la lifti sijamsamehe mpaka leo, lakini pale alisimama.

Nikaweka kiganja tena. "Saba. Na ndoo mbili kwa wiki je? Waliosaini hizo ndoo mbili, mbona hujawasoma?"

"Agizo la maji halikuwa kosa," Saba akasema. "Lilikuwa sheria."

"Basi ingiza pingamizi."

"Sababu?"

"Watu walikuwa na kiu."

"Limepokelewa," akasema. "Litasomwa."

Sikujua kama hilo linabadilisha kitu chochote mezani kwa wakubwa. Sidhani. Wakazi wote wa Saba tulikuwa tumeshapoteza nafasi, kaya sabini kasoro mbili, na jioni ile ile askari wa Mamlaka walianza kugawa mahema, nao hawakujua watupange wapi kwenye orodha, maana kifungu hakikuwahi kufikiria jengo zima.

Foibe alikuwa amerudi kwenye kamba ya buluu. Mstari umeshatawanyika, ndoo zake zimebaki peke yake. Hakuwa amepiga kigelegele. Alikuwa anajaribu kuinua godoro kwa mkono mmoja, mtoto ameamka analia, godoro linafunguka linaburuta vumbini.

"Baba," akasema bila kunitazama, "sitaki maneno."

Sikumpa maneno. Nikashika upande wa pili wa godoro, tukaelekea korongoni.